Omega ya marehemu mzee wetu: tutajuaje kama ni ya asili au imeungwaungwa?

#1 MwanaNgamiani

Wakuu, assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Mzee wetu alitangulia mbele ya haki mwezi wa Rajab. Alikuwa karani wa reli hapa Tanga tangu enzi za East African Railways and Harbours, na miaka yote niliyomjua alivaa saa moja tu: Omega Seamaster ya chuma, otomatiki, isiyo na tarehe. Akienda kutawadha anaivua, anaiweka dirishani. Akimaliza anaitikisa mara mbili, anaisikiliza sikioni, ndipo anaivaa.

Sasa tumekaa kwa ajili ya mirathi. Tuko watoto watano na mama yupo. Saa imeingia kwenye orodha ya mali kama vitu vingine. Mimi ndiye ninayeitaka na ndugu zangu wameridhia, ila thamani ijulikane kwanza ili ikatwe kwenye fungu langu. Hapo ndipo pana kazi. Nimeipeleka kwa watu wawili hapa mjini. Wa kwanza aliitazama dakika moja, akasema feki, akanitolea elfu hamsini palepale. Wa pili akasema halisi kabisa, milioni tatu. Saa ni ileile na siku ni ileile.

Sitaki kuwadhulumu ndugu zangu kwa elfu hamsini, wala sitaki kukatwa milioni tatu kwa kitu ambacho sicho. Ninachokiona: uso wa rangi ya fedha, umeandikwa Omega, Automatic, Seamaster. Mfuniko wa nyuma una mchoro wa farasi mwenye mkia wa samaki. Kitufe cha kutilia ufunguo hakina alama yoyote. Naomba kueleweshwa, natazama nini na naanzia wapi?

#2 Mkulima wa Lushoto

Pole sana mkuu, Mungu amrehemu mzee.

Huyo wa kwanza mkae naye mbali. Mtu anayeiita saa feki halafu anatoa hela mfukoni papo hapo, jiulize anainunua ya nini.

#3 FundiMstaafu

Mwanangu, pole kwa msiba. Mimi nimekaa kwenye meza ya saa Mombasa zaidi ya miaka thelathini. Macho yamechoka, lakini saa aina hiyo zimepita mkononi mwangu nyingi, nitakuelekeza.

Maneno feki na halisi yaweke pembeni kwanza. Saa ya umri huo inaulizwa kipande kwa kipande. Mashine ni ya Omega? Bodi, yaani kasha lake la chuma, ndiyo ya mashine ile? Uso ndio uliotoka nao kiwandani Uswisi, au umepakwa upya? Akrabu, yaani mishale, je? Kioo? Kitufe? Saa inaweza kuwa Omega tupu kwenye mashine na bodi, ikawa na uso uliopakwa na fundi na kitufe cha kununua sokoni. Hao jamaa wawili walitofautiana kwa sababu mmoja alitazama kitufe na mwingine akatazama jina.

Kabla ya lolote, usiitie ufunguo wala usiitikise kuona kama inatembea. Kama haijafunguliwa miaka mingi, mafuta ya ndani yamekauka na chuma kinasaga chuma. Usiisugue. Najua watu hutoa mikwaruzo ya kioo cha plastiki kwa dawa ya meno, na inatoka kweli, lakini wewe ngoja. Na akitokea wa kukushawishi ipigwe polishi ing'ae, kataa. Bodi ya chuma ikitoka kiwandani ina kona kali, na juu ya pembe za kushikia mkanda pana mistari myembamba ya msasa. Polishi ikipita mara mbili tatu kona zinalainika kama kipande cha sabuni kilichotumika, na hazirudi.

Anza na kioo. Simama dirishani mchana, uilaze saa kidogo, utazame kwa kikuza katikati kabisa ya kioo. Kama kioo ni cha Omega, pana alama yao ndogo mno, macho matupu huipita.

Kisha mtafute fundi mwenye kifungulio cha mifuniko ya kuzungusha. Akija na bisibisi na nyundo, chukua saa yako uondoke. Ukishafunguliwa nataka picha tatu kwenye mwanga wa dirisha, bila taa ya simu: ndani ya mfuniko, mashine yote, na uso kwa karibu sana pale ukingoni chini ya saa kumi na mbili, yaani penye 6.

Ndani ya mfuniko utakuta namba. Kwa Omega za miaka ya 1960 tarakimu tatu za mwanzo zinazungumza: 165 ni otomatiki ya kiume isiyo na tarehe, 166 ni otomatiki yenye tarehe, 135 ni ya kutia ufunguo kwa mkono. Yako haina tarehe. Ukikuta 166, mfuniko huo umetoka kwenye saa nyingine. Kwenye mashine utakuta namba ya aina ya mashine, tarakimu tatu, na namba ndefu ya mfululizo. Hiyo ndefu ndiyo inayotupa mwaka.

#4 MwanaNgamiani

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru sana. Elfu hamsini nilishazikataa, na sasa nimeitoa mkononi, iko kwenye kitambaa. Nitamtafuta fundi wiki hii.

#5 Mswahili Muscat

Wakati tunasubiri picha, niwasaidie wenye Seiko 5, maana najua nyumba nyingi za pwani mzee aliacha Seiko na si Omega.

Baba yangu alihamia huku Muscat miaka ya sabini, na saa aliyoniachia ni Seiko 5 yenye mashine ya 6119. Kitu cha kwanza kilichonipa moyo ni siku za wiki. Dirisha la siku lina lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu. Saa zilizoletwa kuuzwa Ghuba zilikuwa na magurudumu ya siku ya Kiarabu, kwa hiyo yake inakubaliana na hadithi ya mahali aliponunua. Mtu akikuambia saa ilinunuliwa Jeddah wakati wa hija mwaka fulani, zungusha siku uone zinasema nini. Si ushahidi wa kutosha peke yake, maana gurudumu hubadilishwa, lakini ni shahidi mmoja.

Seiko ni rahisi kusoma kuliko za Uswisi. Nyuma kuna namba mbili. Moja imegawanywa kwa kistari: tarakimu nne za mwanzo ni mashine, nne za mwisho ni bodi. Nyingine ni ya mfululizo. Tarakimu yake ya kwanza ni mwaka ndani ya muongo, inayofuata ni mwezi. Oktoba ni O, Novemba ni N, Desemba ni D. Ya baba inaanza na 4N. Kwa kuwa mashine ya 6119 ni ya mwishoni mwa sitini hadi katikati ya sabini, 4 haiwezi kuwa 1984, ni Novemba 1974.

Kisha geuza, usome ukingoni kabisa chini ya uso. Pana maandishi madogo sana, nayo huanza na namba ya mashine. Nyuma pakiandikwa 6119 na usoni 7009, vipande viwili vya saa mbili vimeoana. Na pakiwa hapana maandishi kabisa, uso umepakwa upya. Zipo Seiko nyingi zilizopakwa India, za rangi kali, bluu na machungwa, zinauzwa mtandaoni kama za zamani zisizowahi kuvaliwa. Mashine ndani ni chakavu. Nilinunua moja kabla sijajua haya, na iliniuma.

#6 Bint Pangani

Samahani wakuu, niulize. Saa ya babu yangu ina nukta zilizokuwa ziking'aa gizani, sasa haziwaki tena, zimekuwa rangi ya chai. Je, hiyo ni dalili nzuri au mbaya? Kuna mtu amesema niipeleke ipakwe upya ziwake.

#7 FundiMstaafu

Bibie, usiipake. Rangi ya chai ndiyo uzee wenyewe.

Na hili nalisema kwa uzito. Saa za kabla ya miaka ya sitini zilipakwa radiamu ili ziwake. Dawa iliyochanganywa nayo inakufa, kwa hiyo huoni mwanga tena, lakini radiamu yenyewe haijaenda popote, nusu yake tu huisha kwa miaka 1,600 hivi. Ukiivaa ikiwa imefungwa, si jambo la kukukosesha usingizi. Hatari ni vumbi lake. Usifungue kioo, usikwangue nukta, usipulize. Baadaye kiwanda kikahamia tritiamu, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 12 tu, na nyuso hizo nyingi zina herufi T pembeni ya maneno Swiss Made. Ya kwako tazama kama ina T.

Kwa kukagua, chukua ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti, wenye maduka wanazo. Mulika gizani kisha uzime. Nukta zikiendelea kuwaka kwa nguvu kwenye saa ya miaka sitini, zimepakwa juzi. Na kama mishale inawaka na nukta haziwaki, mishale imebadilishwa.

#8 Mpenda Historia

Naongeza kitu ili mwenye uzi asijione mshamba kwa kuchanganyikiwa. Hata wakubwa hudanganyika. Novemba 2021 Geneva, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza Omega Speedmaster ya mwaka 1957 kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 3. Ilikuwa na uso uliogeuka kahawia kwa uzee, watu waliushangilia. Mwaka 2023 Omega yenyewe ikatangaza kwamba saa ile iliunganishwa kutoka vipande vya saa tofauti, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Vipande vilikuwa vya Omega. Ila havikuwahi kuwa saa moja.

Ndiyo maana nakubaliana na mzee Fundi: jina la kwenye kipande halitoshi, lazima vipande vifahamiane.

#9 Mkulima wa Lushoto

Na upande wa mirathi mkuu, hata kama saa ni ndogo mbele ya shamba na nyumba, ithaminiwe kwa uwazi, warithi wote wakiwa wanajua kilichokutwa ndani. Mama ana thumuni yake kwa kuwa kuna watoto, na dada zako wana haki zao. Andikeni: mashine hivi, uso hivi, thamani hii. Msiache neno moja tu "saa". Nimeona ndugu wakinuniana miaka kumi kwa sababu ya cherehani.

#10 MwanaNgamiani

Wakuu nimerudi. Nimepata fundi barabara ya kumi na mbili, mzee mtaratibu, ana kifungulio. Alitandika kitambaa cheupe, akaomba feni izimwe. Mfuniko ulikuwa umekaza, akaupa muda. Uliponyanyuka sikutegemea nilichokiona: nje saa imechoka lakini ndani mashine inang'aa rangi ya shaba, kama sufuria mpya.

Naandika tulichosoma, picha nimeziweka hapo chini.

Ndani ya mfuniko: alama ya Omega, Swiss Made, na 165.002 - 63. Mashine: 552, na kwenye kile kipande kinachozunguka pameandikwa TWENTY-FOUR 24 JEWELS. Namba ndefu ina tarakimu nane, inaanza na 20. Alama ya kioo tumeitafuta na kikuza chake, ipo katikati.

Kuna kitu kingine. Ndani ya mfuniko pamekwaruzwa kwa ncha ya sindano, kwa mkono, herufi na namba. Nadhani ni 3/69, chini yake 11/76, na pembeni kwa mwandiko tofauti 6/88. Fundi anasema ni alama za waliowahi kuifungua.

#11 FundiMstaafu

Alhamdulillahi. Sasa tunazungumza.

165 na haina tarehe, sawa. Bodi hiyo na mashine ya 552 ni mke na mume, ndivyo zilivyotoka. 552 ina mawe 24, ndiyo hayo "jewels", na imeandikwa 24. Namba za milioni 20 zinaangukia takriban 1963, na mfuniko unasema 63. Rangi ya shaba ndiyo ya Omega za wakati ule. Kwa hiyo mashine, mfuniko na bodi vinafahamiana. Hiyo si feki, mwanangu, na aliyekuambia hivyo hakuifungua.

Uso ndio unanipa shaka. Kuza picha yako ya tatu. Chini ya alama ya saa kumi na mbili, ukingoni, panatakiwa pawe na maneno madogo SWISS MADE. Pako hapana kitu. Kisha tazama mistari ya dakika: kati ya saa mbili na saa tatu inakaribiana, kati ya saa nane na saa tisa inaachana. Kiwanda kile hakikukosea nafasi ya nywele. Na herufi S ya Seamaster, mkia wake umekatwa mapema, wino ni mzito. Alama ya Omega iliyobandikwa na vile vipande virefu vya saa naona ni vya asili. Aliyeupaka alivitoa, akapaka, akavirudisha, na cha saa kumi na moja kimeinama kidogo.

Nataka uthibitisho mmoja tu. Mwambie fundi wako, atakapoitoa mashine kuisafisha, autazame ukingo wa uso kwa pembeni. Wapakaji wengi hupiga tupa kijialama ili wajue pa kuulaza uso kwenye kifaa chao cha kuchapia.

#12 MwanaNgamiani

Ipo. Ukingoni, usawa wa saa tatu. Kama jino la kiroboto. Nimeiona mwenyewe.

Sikulala vizuri, nasema kweli. Nikawa nawaza labda mzee aliuziwa hivyo, akaishi nayo miaka yote akidhani ni nzima.

Asubuhi nikamwendea mama. Sikumwambia kuhusu uso, nilimuuliza tu: hii saa iliwahi kuharibika? Akanijibu bila kufikiri: "Si ile safari ya Pemba." Anasema mzee alikwenda kwenye arusi kwa mashua, bahari ikachafuka, wakafika wamelowa hadi shingoni. Saa ikaingia maji ya chumvi, uso ukatoka madoa ya kijani, mishale ikanata. Mzee akampa rafiki yake wa reli aipeleke Mombasa. Ilikaa miezi, na mzee alikuwa akiangalia kifundo kitupu cha mkono kila mara. Nikamuuliza ilirudi lini. Akasema mwaka hakumbuki, lakini ilirudi kabla mpaka haujafungwa, maana baada ya hapo yule rafiki hakuweza kuvuka tena.

#13 Mpenda Historia

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977. Alama yako ni 11/76.

Nimesisimka mkuu.

#14 FundiMstaafu

Basi jibu limepatikana. Chumvi ikishakula uso haiachi kitu, na uso mpya kutoka Uswisi wakati ule ungeusubiri hadi uzeeke wewe. Fundi alifanya alichoweza, akaupaka. Mashine aliiokoa, na kuiokoa mashine iliyonywa maji ya bahari si kazi ya mchezo. Angechelewa wiki mbili tatu, hiyo shaba inayong'aa ungekuta kutu. Mzee wako hakudanganywa. Alijua.

Kitufe kisicho na alama nakiweka kwenye 6/88, kwa kuwa mwandiko ni wa mtu mwingine na kitufe ni cha aina nyingine ya kazi. Hiki ni kukisia kwangu. Uso ndio nina hakika nao.

Kuhusu bei. Uso uliopakwa hula karibu nusu ya thamani ya saa hizi sokoni, na wanunuzi hawasikilizi hadithi ya Pemba. Kitufe kinapunguza kidogo, na hicho kinatafutika. Bodi yako kwenye picha bado ina kona, haijapigwa polishi sana, hilo linakusaidia. Ningekuwa mimi ninayeinunua leo kwa haki, baada ya kuisafisha, ningetoa kati ya laki saba na laki tisa za Tanzania. Milioni tatu ni ndoto, na elfu hamsini ni wizi.

#15 Bint Pangani

Mzee Fundi, je, aupeleke uso ukapakwe tena vizuri, na maneno ya Swiss Made yawekwe? Wapo wanaofanya kazi safi siku hizi.

#16 FundiMstaafu

Hapana, binti yangu. Kuandika Swiss Made juu ya uso uliopakwa ili mwingine asijue, hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Sasa hivi saa hii haimdanganyi mtu, ukiitazama inakuambia yenyewe. Akitaka, atafute uso wa asili wa 165.002, aubadilishe, na huu autunze pamoja na saa.

#17 MwanaNgamiani

Mrejesho, wakuu.

Tulikaa jana baada ya alasiri, watoto wote watano na mama. Niliwasomea uzi huu kwenye simu mwanzo hadi mwisho, pamoja na elfu hamsini na milioni tatu. Nikawapitishia kikuza, kila mmoja akaliona pengo la Swiss Made na kile kipande kilichoinama. Dada yangu mkubwa ndiye aliyeandika kwenye daftari la mirathi: Omega 165.002, mashine 552 ya asili, bodi ya asili, uso umepakwa upya 1976, kitufe si cha asili, thamani shilingi laki nane. Tumesaini wote. Itakatwa kwenye fungu langu. Mama tulimfafanulia kuwa thumuni yake ndani ya hiyo saa ni laki moja, akasema anaijua hesabu.

Uso sitaubadilisha. Mama ameuzoea huo huo.

Saa iko kwa fundi inasafishwa. Kitufe chenye alama ya Omega nimekiagiza, mzee Fundi alinitumia vipimo faraghani, Mungu amlipe.

#18 FundiMstaafu

Vizuri mwanangu. Mwambie fundi wako naye akwaruze tarehe yake ndani ya mfuniko, polepole, asizigonge zile za zamani. Na kitufe kinachotoka usikitupe.

#19 MwanaNgamiani

Sikitupi, mzee wangu. Bahasha iko tayari, nimeiandika 6/88.